Maji ya Kuonyesha Wageni

Inspekta alifika shambani Jumanne saa tatu asubuhi, siku nne baada ya mwili kuopolewa. Aliandamana na koplo mmoja mnene asiyependa vilima, na kwapani alikuwa na bahasha ya daktari ambayo njiani alikuwa ameisoma mara tatu.

Kwenye jalada la kituo kesi ilikuwa nyepesi kama unyoya. Dereva wa treni mstaafu, umri miaka sitini na sita, aliteleza ukingoni mwa bwawa lake mwenyewe akazama. Hakujua kuogelea. Mwili ulionekana Ijumaa saa nne asubuhi. Aliyeuona alikuwa mpwa wake, dalali wa mashamba, akiwatembeza mume na mke waliokuwa wakitafuta ardhi ya kununua. Mashahidi watatu, maelezo yanayolingana, sahihi chini. Konstebo aliyeandika alikuwa ameshagonga muhuri wa ajali na kurudi kwenye shughuli zake.

Daktari ndiye aliyevuruga mambo. Aliandika kwamba mzee alikufa maji kweli, tena Alhamisi jioni, wala hilo halina ubishi. Lakini kucha nne za mkono wake wa kulia zilikuwa zimevunjika, na chini yake mlikuwa na vibanzi vya mbao. Nyuma ya mabega palikuwa na michubuko miwili, mmoja kila upande. Na kooni yalikutwa majani madogo ya kijani, ya mviringo, madogo kuliko punje ya dengu, yale yanayotanda juu ya maji yaliyotuama kwa muda mrefu.

Kwa hiyo Inspekta hakuanzia nyumbani. Alianzia bwawani.

Palikuwa mahali pa kumfanya mtu asimame. Nyumba ya mawe ilikaa mgongoni mwa kilima, dirisha lake kubwa likitazama bonde lote mpaka milima ya upande wa pili. Upande wa kushoto maji yaliporomoka kutoka kwenye mwamba wenye urefu wa watu wawili, yakatulia kwenye bwawa pana, kisha yakateremka taratibu kati ya mawe. Koplo alivua kofia, akafuta jasho, akasema kama angelipwa kiinua mgongo chake leo basi kesho angehamia hapa.

Inspekta alikuwa amechuchumaa. Alizunguka bwawa lote akiwa hivyo hivyo, hatua tatu na kuchuchumaa, hatua tatu na kuchuchumaa, mpaka magoti yake yakalowa tope. Hakuona jani moja la kijani likielea. Hakuona kipande cha mbao popote. Kingo zote zilikuwa za mawe. Hakusikia chura, wala hakuona samaki hata wa urefu wa kidole. Kisha akakunja mkono wa shati, akaupitisha majini mpaka kwenye kiwiko, akang'oa kitu.

Ulikuwa mmea wa miiba wenye maua ya manjano. Maua yalikuwa bado yamefunguka.

"Koplo, huu unaota wapi?"

"Popote penye ukavu, afande. Uwanja wetu wa gwaride umejaa huo."

"Huku chini umejaa pia. Umesimama wima kama shamba. Na udongo una nyufa ambazo bado hazijajifunga."

Koplo alitazama maji, akatazama mmea, akavaa kofia yake polepole.

"Bwawa hili lilikuwa kavu," Inspekta alisema. "Si mwaka jana. Wiki iliyopita."

*

Sebuleni waliwakuta watu watatu. Mjane wa dereva alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya lile dirisha kubwa. Kiharusi kilimpata mwaka mmoja na nusu nyuma, kikamlaza mkono na mguu wa kulia na kuupinda mdomo. Binti yake, fundi cherehani aliyekuja kutoka mjini baada ya kupigiwa simu, alikuwa akikunja nguo za marehemu na kuziweka sandukuni. Na mpwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la supu mkononi, akijaribu kumlisha mama.

Huyu mpwa alijulikana wilaya nzima kwa jina la Mandhari. Jina lilitokana na vibao vyake vya buluu vilivyopigiliwa kila njia panda, vikitangaza ekari kadhaa na mandhari ya kuvutia. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, amevaa shati safi, sauti yake ya upole. Alisimama upesi, akampa Inspekta pole ya safari kana kwamba Inspekta ndiye aliyefiwa, akamtafutia kiti.

Inspekta alimsalimu mjane kwanza. "Shikamoo, mama. Poleni sana kwa msiba."

Mama alimtazama. Mdomo ulitikisika, sauti haikutoka.

"Hawezi kukujibu, afande," Mandhari alisema kwa sauti ya chini. "Tangu kiharusi kichwa chake hakipo sawa. Anaweza kukuangalia siku nzima, lakini hayupo. Tunamshukuru Mungu kwamba hata hili la mjomba halielewi vizuri."

Binti alithibitisha, kwamba kaka, ndivyo alivyomwita Mandhari, alikuwa amemweleza hivyo hivyo kwenye simu. Mwenyewe alikuwa hajafika hapa kwa miezi mitano, kazi zilimbana. Alipokuja mara ya mwisho, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimekatika, bwawa lilikuwa limefurika na baba alikuwa akitembea kifua mbele kama aliyelichimba kwa mikono yake. Ndoto ilikuwa ya mama, alieleza. Miaka thelathini na minane baba alipita na treni kwenye mabonde ya watu, na kila aliporudi mama alimwuliza ameona nini. Alipostaafu na mama akaanguka, aliapa kwamba sasa atamweka mahali ambapo hatahitaji kuuliza. Kaka ndiye aliyewatafutia. Kaka ni mtoto wa shangazi yake aliyefariki mapema. Alilelewa nyumbani mwao tangu ana miaka minne, alikula nao, alisomeshwa nao. Nani mwingine baba angemwamini?

Inspekta aliyaandika yote. Macho yake, hata hivyo, yalikuwa kwenye bakuli. Mandhari alipeleka kijiko, mama akafumba mdomo. Akabembeleza, "Kidogo tu, mama, kwa ajili yangu," mdomo ukazidi kukaza. Binti akasema amekuwa hivyo tangu Ijumaa, ni huzuni. Akachukua bakuli yeye mwenyewe, na kijiko cha kwanza kikapokelewa. Cha pili pia.

Inspekta alifunga daftari. Aliwaomba watu wote watoke kwa dakika chache, utaratibu tu. Mandhari alisema kwa heshima kwamba itakuwa kazi bure, na Inspekta akamjibu kwamba serikali humlipa kwa kazi bure nyingi tu. Koplo aliambiwa akae na kijana barazani, wala asimwache peke yake na majonzi yake.

Mlango ulipofungwa, Inspekta alisogeza kigoda karibu na magurudumu.

"Mama, mimi naamini unanisikia. Nikikosea, nisamehe. Bwawa hili lilikuwa na maji Alhamisi asubuhi?"

Ilichukua muda. Upande mzima wa uso ulijikusanya, shingo ikajivuta, na neno likatoka kama linavutwa kisimani.

"Hapana."

"Tangu lini?"

Mama hakujibu kwa mdomo. Mkono wake wa kushoto ulishuka pembeni, ukapiga mto aliokalia, mara moja, mara mbili. Inspekta alimwinua kidogo, akapitisha mkono chini ya mto, akatoa daftari dogo lenye jalada gumu. Lilikuwa la joto.

Dereva wa treni huandika. Saa ya kuondoka, saa ya kufika, sababu ya kuchelewa. Huyu mzee alistaafu treni lakini hakustaafu kuandika. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe na mstari mmoja, kwa mwandiko ulionyooka kama reli. *Maji: hakuna. Maji: hakuna. Maji: hakuna.* Siku hamsini na moja. Katikati yake, mara nne tu, mstari ulibadilika. *Maji: yapo, saa 2.40 hadi saa 9.15. Wageni, gari jeupe.* Tena, wiki mbili baadaye: *Maji: yapo, saa 3.00 hadi saa 8.30. Wageni watatu.* Mara zote nne, maji na wageni vilifika siku moja na kuondoka siku moja. Maji yakitangulia kidogo.

Nyuma ya daftari alikuwa amebandika tangazo lililomleta huku. Ekari kumi na mbili, mandhari ya kuvutia, maporomoko ya asili, bwawa, maji mwaka mzima. Alipigia mstari maneno mawili ya mwisho, kalamu ikatoboa karatasi.

Ingizo la Alhamisi lilikuwa hili: *Maji: hakuna. Kesho wageni. Leo nitamsubiri langoni.*

"Alikuwa anakwenda kumsubiri nani, mama?"

Mama alifumba macho. Inspekta alingoja mpaka akaridhika kwamba hayatafumbuka, akamfunika magoti vizuri, akatoka.

*

Aliyekuwa na lango la maji alikuwa jirani wa juu, mfugaji. Koplo alikuwa amekwisha kuchota habari barazani, na habari zilimwelemea jirani kweli kweli: kwamba yeye na marehemu walirushiana maneno mara mbili mbele ya watu, kwamba mara ya pili mfugaji aliapa atakayegusa maji yake atajuta. Mandhari ndiye aliyesimulia, kwa shingo upande, akiomba isichukuliwe kwa uzito.

Inspekta alipanda peke yake kwa njia ya nyuma, hatua kama mia nne kutoka nyumbani. Alimkuta mfugaji kando ya lambo, mtu mrefu mkavu mwenye mabuti ya mpira, akimchunguza ng'ombe kwato. Hakumwachia ng'ombe mguu mpaka alipomaliza.

Lambo lilikuwa pana, limetulia, na juu lilikuwa kijani tupu. Majani madogo ya mviringo yalitanda kutoka ukingo hadi ukingo kama zulia.

Mfugaji alikiri ugomvi bila kuulizwa mara mbili. Lambo alilichimba miaka ishirini iliyopita, kibali anacho, na chemchemi iliyopo ni moja tu. Wakati wa mvua maji humwagika yenyewe kupitia mferejini, yanaporomoka kule mwambani na kuwafurahisha walio chini. Mvua ikikatika anafunga lango, kwa sababu ng'ombe hawanywi mandhari. Yule mzee alipojua, alikuja amefura. Walitukanana. Siku ya pili wakatukanana tena. Siku ya tatu mzee alirudi kwa adabu, akauliza swali moja tu: nani hulifungua lango siku za wageni?

"Ukamwambia?"

"Kwa nini nisimwambie? Si siri yangu. Kijana wa vibao ana makubaliano nami. Akiwa na wanunuzi namwachia ufunguo, anainua lango, wageni wanaona maji, wakiondoka anafunga. Nilimwuliza mzee, kwani wewe mwenyewe ulidhani ulinunua vipi?" Mfugaji alitema mate pembeni. "Alikaa chini pale kwenye jiwe. Nikajuta kusema vile."

Alhamisi hakuwapo. Alipeleka madume sita mnadani tangu saa sita mchana, akalala huko. Inspekta aliomba ushahidi, naye akaenda kuutoa ndani: kibali cha kusafirisha mifugo chenye muhuri wa kizuizi cha barabarani, saa nane na dakika ishirini, na karatasi ya mnada yenye muhuri wa saa kumi na mbili jioni, umbali wa saa tatu kwa lori. Inspekta aliipigia simu ofisi ya mnada hapo hapo. Karani alimkumbuka mfugaji, walibishana kuhusu mizani mpaka giza likaingia.

"Ufunguo uko wapi?"

"Nilimpa Jumatano. Hajaurudisha."

Walikwenda langoni. Lilikuwa lango la mbao la kuinuliwa kwa mnyororo, likipitisha maji ya chini na kuyaacha majani juu, na juu yake mbao tatu ziliunganishwa kuwa kidaraja cha kusimamia mtu anapovuta. Mbao mbili zilikuwa nyeusi kwa uzee. Wa tatu, ule wa upande wa maji, ulikuwa safi, umepigiliwa kwa misumari inayong'aa.

"Lini umebadilisha huu?"

Mfugaji aliinama, akautazama kama anauona mara ya kwanza. Alisema hajabadilisha kitu. Tangu arudi Ijumaa hajapanda kidarajani, hakuwa na sababu. Lango alilikuta wazi, na kijana akamwomba aliache hivyo mpaka msiba uishe, kwa heshima ya marehemu. Akaona si vizuri kubishana na mfiwa.

Inspekta alilala kifudifudi juu ya kidaraja, kichwa kikining'inia juu ya maji. Kwenye ubao wa pili, upande wake wa chini, palikuwa na mikwaruzo minne iliyokwenda sambamba, mipya, myeupe ndani ya weusi. Aliipiga picha. Kisha akauangalia upande wa chini wa ule ubao mpya. Ulikuwa umepakwa rangi ya buluu. Kwa herufi nyeupe, zilizopinduliwa kuelekea majini, aliweza kusoma: *RI 5. MANDHA*.

Akaomba nyundo.

*

Aliporudi pamoja na mfugaji, jua lilikuwa limekwisha kupanda katikati. Mandhari alikuwa bado barazani na koplo, akimweleza jinsi ya kupata kiwanja kwa malipo ya awamu. Inspekta alimwomba amsindikize bwawani. Ubao aliuacha nyuma ya gari, umefunikwa turubai.

Walisimama ukingoni. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi, na majibu yake pia. Alhamisi alikuwa mjini akipigilia vibao mpaka jioni. Huku hakuja. Alikuja Ijumaa na wageni wake, akawaleta hapa waone maji, mke wa mgeni ndiye aliyepiga kelele. Mfugaji? Hapendi kumsema mtu vibaya.

"Bwawa lilikuwaje ulipoliona mara ya mwisho kabla ya Ijumaa?"

"Kama unavyoliona. Limejaa. Ndiyo sifa ya hapa, afande, maji mwaka mzima."

Inspekta alimpa ule mmea wa maua ya manjano. Maua yalikuwa yamenyauka. Alimweleza ameutoa wapi, na kwamba iko mingine mia chini pale, imesimama kwenye udongo uliopasuka. Mandhari aliuzungusha kati ya vidole. Akasema yeye si mtu wa mimea.

"Toa vilivyomo mfukoni."

Alitoa simu, leso, na shada la funguo. Mfugaji, aliyekuwa amesimama kando ya gari, alitaja ufunguo wake bila kusogea: ule mfupi wa shaba.

Mandhari akacheka kidogo. Ndiyo, alisema, hilo la lango ni kweli, ni mbinu ya biashara tu, kila dalali ana yake. Mwenye gari bovu si hulipaka rangi kabla ya kuuza? Alilifungua mwenyewe Ijumaa alfajiri. Aibu, anakiri, lakini aibu si jinai.

"Daktari anasema mjomba wako alikufa Alhamisi jioni. Tena alikufa akiwa na majani ya lambo kooni. Kwa hiyo hakufia hapa. Aliletwa na maji, na maji hayakuwapo mpaka lango lilipoinuliwa." Inspekta alimwashiria koplo. "Lete."

Koplo alifunua turubai, akausimamisha ubao nyasini, upande wa buluu ukiwatazama.

Maporomoko yaliendelea na kelele yake. Mandhari aliuangalia ubao wake, midomo ikisoma herufi zake mwenyewe, kisha akakaa kwenye jiwe.

Alisema alimkuta mjomba akimsubiri langoni kama saa kumi na moja na nusu. Mjomba hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alimwambia kwamba kesho wageni wakija atakuwa amesimama hapa bwawani, na atawaeleza kila kitu, na atafanya hivyo kwa kila mgeni atakayekuja mpaka Mungu amchukue. Yeye alikuwa na viwanja kumi na kimoja ameshapokea malipo ya mwanzo, vyote kwa maji haya haya. Walivutana mnyororo. Ubao uliokuwa umeoza ukavunjika, mjomba akaingia majini.

"Alishika ubao wa pili," alisema. "Alikuwa ananiita. Sikumsukuma, afande. Sikumpa mkono tu."

"Mabegani je?"

Mandhari aliangalia mikono yake.

"Ana michubuko miwili mabegani, kwa nyuma. Mtu aliyeshika ubao ili asizame, mabega yake ndiyo yaliyo nje ya maji. Nakuuliza mara moja tu."

"Hakuwa anaachia," alisema Mandhari. "Nilingoja aachie, haachii."

Baada ya hapo aliinua lango, maji yakamchukua mjomba mpaka chini. Alichukua kibao kimoja kwenye gari akaziba pengo, ili mfugaji asiulize. Ijumaa aliwaleta wageni kwa makusudi. Alitaka waone wao kwanza.

Koplo alimfunga pingu. Walimpitisha kwa upande wa jikoni, ili asionekane dirishani, lakini binti alikuwa mlangoni na ndoo mkononi, akaelewa kabla ya kuambiwa. Hakulia. Aliweka ndoo chini kwa uangalifu, kama iliyojaa mayai, akauliza kama ni kweli. Kaka yake alitazama chini. Binti akageuka akaingia ndani.

*

Ushahidi wa mama ulichukua saa mbili. Sasa alizungumza, neno moja moja, akipumzika katikati, na binti akipangusa mdomo wake kwa kitambaa.

Alhamisi jioni alikuwa dirishani kama kawaida. Alisikia gari likipanda njia ya nyuma. Gari lile analijua, linakohoa likibadilisha gia. Akangoja mlango ufunguliwe na salamu ya kijana, kwa sababu tangu utoto wake hajawahi kupita bila kumwamkia. Mlango haukufunguliwa. Alisikia sauti ya mumewe kwa mbali, ikiita jina, mara nyingi. Ikanyamaza. Kisha maji yakaanza kuanguka mwambani, na katika kelele ya maji akasikia nyundo. Alihesabu mapigo: kumi na mawili. Gari likakohoa, likaondoka. Giza likaingia, mumewe hakurudi kuwasha taa. Alikesha kwenye kiti.

Asubuhi kijana alikuja na wageni. Baadaye, mwili ulipokwisha kuchukuliwa, aliingia akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani pake, akalia. Tangu siku hiyo alimlisha, alimfunika, alimsukuma mpaka dirishani ayaone maji.

Binti alishindwa kuvumilia. "Siku nne, mama. Kwa nini hukuniambia mimi? Ungenionyesha hata kwa kidole."

Mama alitazama nje. Neno lilikaa muda mrefu zaidi ya yote yaliyotangulia.

"Nilitaka aseme mwenyewe."

Inspekta aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. Kisha, kama sheria inavyotaka kwa shahidi asiyeweza kuandika kwa mkono wake, alimsomea maelezo yote kwa sauti, taratibu, kuanzia jina na umri. Akafika aya ya tatu: *Gari nililolisikia ni la mtuhumiwa, ambaye ni mpwa wa marehemu mume wangu.*

Mkono wa kushoto uliinuka kutoka mapajani.

"Si hivyo," mama alisema.

Inspekta aliuliza kama si gari lake. Mama akatikisa kichwa. Gari ni lake. Kidole kikashuka kwenye karatasi, kikatafuta, kikatulia juu ya lile neno moja, mpwa, kikabaki pale.

Binti aligeuza uso ukutani.

Inspekta alichukua rula, akapiga mstari juu ya maneno matano, akaandika juu yake neno jingine, akatia sahihi pembeni kuthibitisha masahihisho. Akamsomea tena aya ile: *Gari nililolisikia ni la mtuhumiwa, ambaye ni mwanangu.*

Mama aliitikia kwa kichwa. Binti akamshika mkono, na dole gumba likabonyezwa kwenye wino, kisha kwenye karatasi.